Tuliwaaga, Hatukuwatuma: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Dayosisi Yetu

Baba Askofu, Msaidizi wa Askofu, Katibu Mkuu, Mtunza Hazina, wakuu wa majimbo na wajumbe wote wa Halmashauri Kuu,

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 63, muuguzi mstaafu, mzee wa kanisa kwa vipindi vitatu, na katibu wa kamati ya misioni na uinjilisti katika usharika wetu. Jina langu mnalo, maana nakala ya barua hii yenye sahihi niliiacha mapokezi ya ofisi kuu wiki sita kabla ya kuitoa hadharani. Huku nje siitaji dayosisi, wala simtaji mwinjilisti nitakayewaeleza habari zake. Nilimwomba ruhusa kabla sijaandika neno. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Andika, mama, ila usiwafanye watu wamkasirikie Baba Askofu." Nimejitahidi kumtii.

Miaka saba iliyopita, Jumapili ya Misioni, tulimwaga mwinjilisti huyo mbele ya madhabahu yetu. Alikuwa na mke, mtoto wa miaka mitatu na mwingine mgongoni. Kwaya nne ziliimba. Akina mama tulimvika mkewe khanga juu ya khanga mpaka shingo ikawa haionekani. Mkuu wa jimbo alihubiri juu ya kanisa la Antiokia, jinsi walivyofunga na kuomba, wakaweka mikono juu ya Barnaba na Sauli, wakawaacha waende zao. Baada ya ibada ukafanyika mnada. Mbuzi mmoja alinunuliwa akarudishwa, akanunuliwa akarudishwa, mara tatu, mpaka ikapatikana fedha ya pikipiki. Watu walilia, na mimi nililia. Kesho yake alfajiri tukawasindikiza stendi, wakapanda basi la kuelekea kusini, kwenda kuishi karibu na Mto Ruvuma, mahali ambapo karibu sote pale stendi tulikuwa tumepasikia kwenye taarifa ya hali ya hewa tu.

Tangu asubuhi ile mpaka Agosti mwaka jana, hakuna mtu yeyote wa usharika wetu, wa jimbo, wala wa ofisi kuu aliyekwenda kuwaona. Nami nimo katika hesabu hiyo.

Nilikwenda kwa sababu mke wake alinipigia simu usiku. Hakuomba kitu. Aliuliza tu, kama anavyouliza mtu asiyetaka kusumbua, mtu akiwa na kizunguzungu kila anaposimama na mapigo ya moyo yanakwenda mbio, hiyo ni dalili ya nini. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 31. Nilimjibu kwamba nakuja. Siku mbili za basi, kisha saa mbili na nusu za bodaboda kwenye mchanga, tukipita mikorosho hata nikadhani dunia nzima ni mikorosho.

Naomba niseme kwanza mema niliyoyaona, maana ni mengi na ninyi hamjayaona. Kanisa ni la miti na udongo, limeezekwa nyasi, benchi zake ni magogo yaliyopasuliwa katikati. Jumapili ile tulikuwa watu wazima 46, na watoto walikuwa nje chini ya mkorosho, wanaimba kwa sauti ya kuziba ibada yetu. Mwinjilisti alihubiri nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kiyao. Kiyao chake amejifunzia kwenye vijiwe vya kubangua korosho na kwenye misiba. Mama mmoja mzee aliyekuwa pembeni yangu alisoma Injili kwa kidole, neno kwa neno, polepole. Mwinjilisti ndiye aliyemfundisha kusoma, akiwa na miaka zaidi ya sitini. Kuna vituo vingine vitatu anavyovihudumia. Cha mbali zaidi ni mwendo wa saa nne kwa miguu.

Nasema kwa miguu. Ile pikipiki ya mbuzi wetu ilikuwa juu ya mawe, chini ya kibanda cha kuku, haina tairi la nyuma. Ilikuwa imekaa hapo mwaka wa pili.

Mkewe nilimkalisha kwenye mkeka nikamfunua kope la chini la jicho. Lilikuwa jeupe kama karatasi. Mwaka mmoja kabla mimba ilimharibika, damu ikamtoka usiku kucha, na aliyempeleka zahanati kwa baiskeli alikuwa jirani yao, mzee wa Kiislamu mwenye shamba la korosho. Mzee huyo huyo aliwapa kipande cha ardhi walime mihogo na mbaazi. Tembo walipovamia mihogo ile kwa usiku mmoja, alileta debe mbili za unga bila kuombwa. Nilikwenda kumshukuru. Aliniamkua vizuri, akanikaribisha mkekani, akasema kwa upole kabisa: "Huyu ni mgeni wetu. Lakini nyinyi kwenu si mnaye kama mtoto?"

Sikuwa na jibu.

Katika waraka wa tatu wa Yohana wamo watu waliotoka kwa ajili ya Jina, wasipokee kitu kwa Mataifa, na Gayo anaambiwa, "utafanya vizuri ukiwasafirisha kama ipasavyo kwa Mungu." Simaanishi kwamba ni aibu kula unga wa jirani. Ukarimu wa mzee yule nimeuweka moyoni na namwombea kila siku. Aibu ni yetu sisi tulioacha mtumishi wetu alishwe na watu aliotumwa kwenda kuwapa, wakati mabati ya ukumbi wetu mpya yanang'aa mpaka barabara kuu.

Usiku wa mwisho mwinjilisti alinionyesha daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Humo ameandika kila mwezi tangu walipofika. Nilinakili mistari michache: "Machi: haijafika. Aprili: haijafika. Mei: imefika ya Januari, pungufu. Juni: haijafika." Hakuna lawama popote. Ni mwandiko wa mtu anayeweka kumbukumbu ili asije akamdhulumu mtu kwa kusahau. Nilihesabu kwa taa ya simu. Katika miezi 78, posho yake ilikuwa imefika miezi 47.

Alipofunga daftari aliniuliza, "Mama, kanisani bado mnatutaja?"

Nililazimika kumwambia ukweli. Mwaka wa kwanza tuliwataja kwa majina kila Jumapili. Mwaka wa pili tukaanza kusema "watumishi wote walioko katika shamba la Bwana". Walioondoa majina ni sisi wenyewe wa kamati, kwa sababu matangazo yalikuwa yamerefuka na ibada ya pili inangoja nje. Hilo ni kosa la usharika, na tumelitubu mbele ya washarika. Majina yao yamerudi, na ya mke yamo, na ya watoto yamo.

Lakini kuna mambo ambayo usharika hauwezi kuyarekebisha peke yake, ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Kurudi kwangu nilifungua vitabu vyetu vya fedha. Bahasha za misioni tumezipeleka jimboni kila robo mwaka bila kukosa, na stakabadhi ninazo. Jimbo nalo limenionyesha hati za benki za kupeleka ofisi kuu. Fedha ilitoka. Nikaomba kuonana na mtu wa hazina, akanipokea vizuri, akanieleza kwa uaminifu ambao nauheshimu. Fedha za misioni zinaingia katika akaunti moja na fedha nyingine. Mwezi ukiwa mgumu, kinacholipwa kwanza ni kile kinachopiga kelele: mishahara ya hospitali, deni la shule ya sekondari, mafuta ya magari, posho za vikao. Ya misioni inasemwa "tutairudisha".

Sisemi kwamba kuna mtu ameiba. Najua uzito mlio nao. Hospitali ile imeniajiri na kunilea, nami nisingependa wauguzi wake wakose mshahara. Ninachosema ni kwamba fedha ya misioni inakopwa kirahisi kwa sababu mwenye nayo hana mlango wa kugonga. Mwalimu asipolipwa atakuja ofisini asubuhi. Mzabuni atakuja na wakili. Yule wa Ruvuma yuko zaidi ya kilomita elfu moja, salio la simu hana, na amefundishwa kwamba mtumishi hanung'uniki. Unyenyekevu wake tumeugeuza kuwa mfuko wa dharura.

Yapo majibu mawili ambayo nimeyasikia kila nilipolizungumza jambo hili, na yote mawili nimeyapima.

La kwanza ni kwamba mwinjilisti ajitegemee. Paulo alishona mahema, na huyu alime. Ni kweli Paulo alishona mahema kule Korintho, nyumbani kwa Akila na Prisila. Lakini endeleeni kusoma sura hiyo hiyo ya 18 ya Matendo: Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, Paulo akajitia kabisa katika lile neno. Nini kilibadilika? Waraka wa pili kwa Wakorintho unatuambia kwamba ndugu waliotoka Makedonia ndio waliomtimizia mahitaji yake. Sindano aliishika wakati mkono wa Makedonia haujafika. Na ni Paulo huyo huyo aliyewauliza Wakorintho, "Ni askari gani aendaye vitani wakati wo wote kwa gharama zake mwenyewe?"

Wengine hunitajia Apolo Kivebulaya, yule mwinjilisti wa Uganda, na jembe lake. Nafurahi wanapomtaja. Watoto wetu wa kipaimara wanasimuliwa habari za Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika pale mkewe Rosine na binti yao mchanga. Wanasimuliwa habari za Rebmann, mmisionari mwenzake, aliyekuja miaka miwili baadaye na kukaa pwani ile mpaka 1875, akaondoka macho yamekwisha. Ni haki wasimuliwe. Apolo Mganda, ambaye ni wa kwetu zaidi, wengi hawamjui. Mwaka 1896 alitoka Toro, akavuka bonde la Mto Semliki, akaingia Mboga, ambayo leo iko Ituri, Kongo. Alipigwa. Alifungwa. Mtemi Tabaro, aliyemkataa mwanzoni, mwishoni alibatizwa. Apolo aliwafuata Wambuti msituni, akasaidia Injili ya Marko iingie katika lugha yao, na mwaka 1933 alipokufa alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambao kazi yake ilikuwa haijaisha, tofauti na desturi ya watu wake.

Jembe lenyewe lilikuwa la nini? Kabla yake walikwenda wainjilisti wawili hapo Mboga. Mtemi aliwazuia watu wasiwape chakula, njaa ikawarudisha. Apolo alilijua hilo, akanunua jembe ili mtu asije akaifunga Injili kwa kufunga ghala. Sasa mimi nawauliza, wazee wangu: katika habari hii tunataka kusimama upande wa nani? Kwa maana yupo aliyekwenda na jembe, na yupo aliyezuia chakula. Mwinjilisti wetu jembe analo, tena mikono yake ina sugu kuliko ya wakulima wengi. Tembo wamekula shamba, na ghala lililofungwa ni letu.

Jibu la pili ni kwamba sisi ni maskini, mpaka wafadhili watakaporudi. Miaka ya nyuma usharika rafiki wa Ulaya ulikuwa unalipia mfuko wa misioni. Walipopungukiwa nao, mfuko ukakauka, tukakunja mikono. Hili linanisumbua kuliko la kwanza. Mwaka 1920 Waingereza walipowaondoa wamisionari Wajerumani katika Tanganyika, sharika za Kilimanjaro hazikufungwa. Walimu wa Kiafrika walibaki, wakafundisha, wale waliopewa ruhusa wakabatiza, wakatunza daftari za ubatizo, wengi wao bila ujira wa maana. Mwaka 1940 Wajerumani walipokamatwa tena kwa sababu ya vita, kazi ikaendelea tena. Na lilipoungana kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, mwaka 1963, halikungoja litajirike ndipo litume watu. Katika miaka iliyofuata watumishi walitoka hapa kwenda Kenya, Malawi, Msumbiji na Zambia. Hao waliotoka walisafirishwa na watu waliovaa viatu vya matairi. Mimi nilikuwa msichana mdogo na namkumbuka bibi yangu akitenga mayai ya kuku mmoja, kuku mwenye doa jeupe bawani. Mayai yake yalikuwa ya misioni, hata tuwe na njaa hayaguswi.

Umaskini tunaousema leo, nauona vigumu kuupatanisha na vipaza sauti tulivyonunua mwaka juzi. Nilipitisha manunuzi yale mimi mwenyewe, mkono nilinyoosha.

Kuna jambo lingine, ni gumu kulisema kwa heshima, lakini litasemwa. Baadhi ya watumishi wanapelekwa misioni kama adhabu. Mchungaji akibishana kikaoni, akihoji hesabu, akiwa na mgogoro na mkubwa wake, tunasikia "amepelekwa misioni". Watu wanacheka kwa huzuni. Wachungaji vijana wanaliogopa neno hilo kama wanavyoogopa korti. Barnaba na Sauli walikuwa miongoni mwa walimu waliotajwa kwa majina katika Antiokia. Kanisa lile lilitoa watu liliowahitaji zaidi. Tukiendelea kuwatoa tunaotaka kuwaondoa machoni, vijana wenye wito watauficha wito wao. Ninaye mmoja katika usharika wangu, msichana aliyemaliza uuguzi, Mungu amesema naye juu ya kwenda mbali. Mama yake alinifuata nyumbani akinisihi nisimtie moyo. "Mnawaacha," alisema. Yeye ni mshiriki mwaminifu, anatoa zaka, na hilo ndilo alilojifunza kwetu.

Miaka mingi nyuma, kituo kingine, mwinjilisti alifariki kwa malaria iliyopanda kichwani. Mjane alipewa miezi mitatu aondoke katika nyumba ya kanisa, kwa kuwa mwinjilisti mpya anakuja. Alirudi kwao na watoto wanne na mabegi mawili. Hakukuwa na mafao, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandikisha marehemu mahali popote. Alikuwa "anajitolea". Nilimwosha mguu mama yule kwa miezi, ulikuwa na kidonda cha tangu kule, na kila nilipomwosha alikuwa akiimba nyimbo za kituoni kwao kwa lugha ambayo mimi siielewi. Amefariki sasa. Kanisa lilimzika vizuri sana, na shada zuri.

Basi naomba. Naomba fedha ya misioni iwe na akaunti yake, na mmoja wa watia sahihi atoke katika sharika zinazotuma, ili isikopwe bila mtumaji kujua. Posho za walioko mbali zitoke ifikapo tarehe 5 ya kila mwezi, kabla ya mafuta na kabla ya posho za vikao. Mwezi ukiwa mbaya kweli, basi upungufu wa Ruvuma na upungufu wa ofisi kuu vilingane. Mtu aliyeko mbali hatalalamika akijua kwamba na Baba Askofu amepokea nusu.

Naomba kila mwinjilisti aliyetumwa aandikishwe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na apewe bima ya afya yeye na familia yake. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaweza kugawana nusu kwa nusu na mfanyakazi. Kwa posho ya shilingi 200,000 hiyo ni 40,000 kwa mwezi. Tunatumia zaidi ya hiyo kwa soda za kikao kimoja cha kamati. Na kama shida ni kwamba mwinjilisti hana mkataba, aandikiwe mkataba.

Barua ya kupangiwa kituo ina jina moja tu, la mume. Mke anaacha kazi, anaacha mama yake, anakwenda kuzaa mahali pasipo na mkunga, na katika majalada yetu hayupo. Huyu niliyemwona ndiye anayefundisha akina mama wa kituo kushona na kusoma, ndiye anayeongoza maombi mumewe akiwa vituo vya mbali. Naomba naye atumwe, kwa jina, kwa kuwekewa mikono, kwa kuandaliwa. Maandalizi waliyopewa wao yalikuwa semina ya wiki mbili katika hosteli yetu. Lugha hawakufundishwa hata salamu. Zipo dayosisi za kule kusini zenye wazee wanaoijua lugha na mila. Miezi sita ya kukaa nao kwanza ingeokoa miaka miwili ya kubabaika.

Naomba waje nyumbani. Barnaba na Paulo waliporudi Antiokia walilikutanisha kanisa, wakaeleza mambo yote Mungu aliyoyafanya, kisha wakakaa nao siku zisizokuwa chache. Hawa wetu hawajarudi hata mara moja. Yule wa mgongoni sasa yuko darasa la pili na hajawahi kumwona bibi yake. Bibi anauguza mguu, anamuuliza Mungu kama atamwona. Miezi miwili kila mwaka wa tatu, nauli ikilipwa na sharika, inatosha. Wakija, tusiwape dakika tano baada ya matangazo. Tuwape mahubiri, wakae na kwaya, wakae na kipaimara, watueleze habari za mama anayesoma kwa kidole.

Na mwende. Hili la kwenda ndilo ninaloliomba kwa nguvu kuliko yote, maana naamini mengine yote yatafuata mtu akishakanyaga mchanga ule. Paulo akiwa kifungoni hakumwandikia Timotheo habari za mipango mikubwa tu. Alimwomba amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, akamwambia ajitahidi kuja kabla ya baridi. Mtume mzima alikuwa anasikia baridi na anataka kumwona mtu anayemfahamu. Mwinjilisti wetu nilipomuuliza nimletee nini, alifikiri sana, akataja miwani ya kusomea na vitabu kumi vya nyimbo. Nikamwambia taja kingine. Akasema, "Mtu wa kuja."

Tangu nirudi, usharika umepeleka tairi mbili, dawa za kuongeza damu na vyandarua, na jirani yule mzee tumempelekea kanzu na salamu za kanisa zima. Mama anaendelea vizuri. Nimeongea naye juzi. Posho ya Novemba imefika. Ya Desemba haijafika, ya Januari haijafika.

Mvua za kule hukatika mwezi wa nne hivi, na barabara ya mchanga hupitika vizuri kuanzia mwezi wa sita. Usharika umeshakodi gari. Tutakuwa mimi, dereva, yule msichana muuguzi ambaye mama yake hatimaye amekubali aende akaone kwa macho yake, na bibi wa watoto, akijaliwa kupata nafuu ya mguu. Nafasi mbili zimebaki. Nimeziandika moja kwa jina la Idara ya Misioni na nyingine kwa jina la Hazina. Tunaondoka Jumatatu ya kwanza ya Juni, saa kumi na moja alfajiri, mbele ya kanisa. Chakula cha njiani tutafunga sisi akina mama, msibebe kitu.

Wenu katika shamba la Bwana,

Mzee wa kanisa, katibu wa kamati ya misioni na uinjilisti ya usharika